Aivi Iliyoota Jaani

Tulipokuwa tunamzika mama mwezi uliopita, watu wa kazini kwa mwanangu walileta shada la maua kutoka mjini Kakamega. Lilikuwa shada zuri la waridi nyeupe, na kuzunguka waridi walikuwa wamesuka majani madogo ya kijani yenye kingo nyeupe, kama yaliyochovywa kwenye maziwa. Niliyajua kabla sijayafikia. Niliinama juu ya jeneza nikaanza kuyang'oa moja moja, nikiyatia kwenye mfuko wa sweta. Binti yangu akaninong'oneza, "Mama, unafanya nini?" Nikamwambia yana wadudu. Vidole vyangu vilibaki na harufu ile chungu mpaka jioni, hata baada ya kunawa kwa sabuni.

Sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko barua. Lakini wote waliohusika wameshakufa isipokuwa mimi, na wenzangu wa rika langu wataelewa mambo ambayo watoto wetu ingebidi waelezwe tangu mwanzo.

Baba alikuwa mtunza bustani kwa Mzungu mmoja wa serikali pale mjini, kwenye zile nyumba za mawe zilizokuwa na ua wa michongoma. Sisi tulikaa upande wa Lubao. Aliondoka na baiskeli umande ukiwa bado kwenye nyasi, na akirudi alinukia nyasi zilizokatwa. Hakujua kusoma, lakini alijua majina ya maua mengi kwa Kiingereza, akiyatamka polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Majirani walimtania kwamba analisha Wazungu mboga zisizopikika.

"Hayo maua yenu hupikwa na nini?" mmoja alimwuliza siku moja, njiani.

"Hupikwa na macho," baba akajibu, akaendelea kusukuma baiskeli yake.

Baada yangu mama alizaa watoto wawili, na wote wawili walikufa kabla ya kutambaa. Wa kwanza simkumbuki. Wa pili namkumbuka kwa sababu niliivaa kofia yake mkononi kama soksi, nikacheza nayo, kisha mama akaiona akaichukua. Kwa hiyo alipozaliwa wa tatu, mvulana, wazee hawakutaka kumpokea kama walivyowapokea wale. Walifanya ile desturi ya kwetu.

Nilikuwa na umri wa kung'oka meno ya mbele. Asubuhi hiyo nyanya yangu, mama yake baba, tuliyemwita Kukhu, alimchukua mtoto akiwa uchi ndani ya kipande cha leso, akampeleka nyuma ya nyumba, akamlaza juu ya jaa. Jaa letu lilikuwa la majivu ya jikoni, maganda ya ndizi na mabua ya mahindi yaliyooza. Akamwacha pale, akaingia ndani. Mtoto akalia. Hakuna aliyetoka. Mama alikuwa amekaa kitandani, anatazama ukuta. Kisha tukasikia sauti ya mama mmoja mzee, jirani yetu, akija kwenye njia ya mtoni kama mtu anayepita tu.

"Hodi hapa. Nimeokota mtoto jaani. Nani ametupa mtoto?"

"Sisi hatujatupa mtoto," Kukhu akajibu kutoka mlangoni.

"Basi ni wangu. Ila mimi ni mzee, matiti yangu yamekauka kama soksi. Hakuna mwanamke hapa wa kuninyonyeshea?"

"Yuko mmoja. Lakini hatafanya bure."

"Afanye bure, ama anipe ingokho moja nimwachie kabisa. Mtoto mwenyewe ana sura mbaya, sitaki maneno mengi."

Wanawake wakacheka, mama akapokea mtoto, na yule mzee akaondoka na kuku kwapani. Mtoto akaitwa Makokha, jina la wanaookotwa namna hiyo. Watu wazima walijua ni namna ya kuficha mtoto, ili kile kilichowachukua wenzake kidhani huyu si wa nyumba ile. Mimi hakuna aliyenieleza. Niliamini nilichokiona kwa macho yangu: kwamba kitandani kwa mama watoto hufa, na jaani hupatikana wanaoishi.

Wiki hizo hizo ndipo baba alipoleta aivi, mmea wa Kizungu unaotambaa ukutani, wenye majani ya kingo nyeupe. Uhuru ulikuwa umekaribia na Wazungu walikuwa wanafunga masanduku. Mke wa bosi wake, ambaye baba alimwita memsabu, alimpa mche mmoja ndani ya mkebe wa majani chai, kwa sababu alikuwa ameulea tangu kwao na hakuweza kurudi nao. Baba aliubeba kwenye mpini wa baiskeli kutoka mjini hadi nyumbani, akitembea kwa miguu kando yake. Akaupanda nyuma ya nyumba, upande usiopigwa na jua sana, karibu na ukuta wa udongo.

Kukhu alikuja kuutazama, mikono mgongoni.

"Huu una ugonjwa," alisema.

"Hapana, Mama. Ndio urembo wake."

"Mahindi yakiwa na mabaka meupe hivi, wewe huyaita urembo?"

"Mahindi ni mahindi."

"Na nyumbani kuna mtoto mchanga. Umetoa kitu chenye madoa kwenye nyumba ya mtu anayehama, ukakileta kwenye nyumba yenye mtoto mchanga. Sawa. Mimi nimesema."

Baba hakubishana naye. Lakini mimi alinifundisha, kwa sababu nilimfuata kila mahali. Aliniambia aivi hii ina tabia moja. Mara kwa mara hutoa chipukizi la kijani kitupu, lisilo na weupe, na chipukizi hilo huwa na nguvu kuliko mengine yote. Ukiliacha, litameza mmea mzima, na ule uzuri hutauona tena. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya kanisa alichukua kisu chake kidogo, akayatafuta machipukizi ya kijani, akayakata hadi chini, akayatupa jaani.

"Mbona unakata yenye afya?" nilimwuliza.

"Kwa sababu yenye afya hayana haja na mimi," alisema. Sikuelewa.

Mmea ulishika ukuta. Ulikuwa na vijiguu vidogo kama vya jongoo, ukipanda navyo kwenye udongo uliokandikwa. Asubuhi baada ya mvua majani yale yaling'aa kiasi kwamba watu waliokwenda mtoni walisimama. Hata mama alisimama mara moja, mtungi kichwani, akasema, "Ni kweli, ni mazuri." Naandika hili kwa sababu baadaye alikana kwamba aliwahi kulisema.

Makokha alipata homa ya kwanza akiwa ameanza kukaa. Mama alimfunga mgongoni, tukaenda mjini hospitali, mimi nikibeba chupa ya uji. Daktari aliyempokea alimfungua mikono, akaminya viganja vyake vidogo, akamwonyesha mama.

"Umeona? Ni vyeupe. Homa imekula damu yake. Mtoto akipata joto hivi usingoje jioni, mlete upesi. Huyu umemfikisha vizuri."

Akachomwa sindano, akapewa dawa chungu, na baada ya siku kadhaa akacheka tena. Lakini mimi nilikuwa nimeona viganja. Vilikuwa na rangi ile ile ya kingo za majani ya aivi.

Siku chache baadaye nilitumwa kumwaga majivu. Jaani niliona kitu kilichonifanya niweke karai chini. Yale machipukizi ya kijani ambayo baba alikuwa akiyatupa hayakuwa yamekufa. Yalikuwa yameshika kwenye majivu na uchafu, yametoa majani mapya, ya kijani kitupu, yanatambaa pale pale alipolazwa Makokha. Hakuna aliyeyapanda, hakuna aliyeyamwagilia. Nilichuchumaa pale muda mrefu. Nilifikiri nimeelewa kila kitu. Weupe ndio uliowachukua watoto wa kitandani, sasa uko kwenye viganja vya Makokha. Kijani ndicho kinachoishi jaani. Na baba, kila Jumapili, alikuwa anakata upande wa Makokha na kuacha upande wa kifo.

Nikaanza kuchuma majani yenye weupe. Sikuchuma mengi kwa mara moja, maana niliogopa. Matano asubuhi, mama akiwa anakamua. Matano jioni kabla baba hajafika. Niliyatafuna mengine ili yasionekane, nikayatema kwa sababu ya uchungu, na mengine nikayafukia. Makokha aliendelea kupona. Alitoa jino. Kila jani nililochuma nililihesabu kuwa limemsaidia.

Baba aliona mmea unakonda. Alidhani ni konokono, akamwaga majivu kuzunguka shina. Kisha akadhani ni mbuzi, akahamisha kamba ya mbuzi. Jumapili akaja na kisu, akakata kijani, kwa kuwa kijani kilikuwa kimezidi. Jumatatu mimi nikachuma cheupe. Hivyo ndivyo tulivyoishi kwa miezi, yeye na mimi, tukivua mmea ule nguo kila mtu kwa upande wake, na kila mmoja akiwa na nia njema. Nilikuwa namhurumia. Nilimwona baba kuwa mtu asiyejua anachokifanya.

Uhuru ulikuja. Tuliimba shuleni, tukapewa vikombe vya ukumbusho. Bosi wa baba aliondoka, na aliyeingia kwenye nyumba ile alikuwa mtu wetu, mwenye suti. Baba alipiga pasi shati lake, akaenda kumwonyesha bustani, mti kwa mti. Alirudi mapema siku ile.

"Amesema nini?" mama akamwuliza.

"Mkewe anataka kupanda maharagwe na sukuma. Wana watoto saba. Wana haki."

"Na wewe?"

"Wa kushika jembe wanaye, mtu wao kutoka kwao."

Mama akaendelea kupepeta mtama. Baba akatoka akaenda nyuma ya nyumba. Nilimfuata, nikamkuta amekaa kwenye jiwe akitazama aivi, ambayo kwa sasa ilikuwa fito tupu zenye majani machache. Ndiyo bustani pekee aliyobaki nayo. Aligusa mahali nilipokuwa nimechuma asubuhi, kidonda kikiwa bado kibichi, akatazama kidole chake. Nafikiri wakati ule alianza kushuku si konokono. Hakuniuliza.

Baada ya hapo akawa mtu wa vibarua, leo huku, kesho kule. Mama naye alianza kulima shamba la chini karibu na mto ili tusilale njaa.

Ilikuwa majira ya kupalilia. Makokha alikuwa anasimama kwa kushika ukuta. Kukhu alikuwa ameenda matangani kwa ndugu zake, baba alikuwa kwenye kibarua Lubao, na mama aliniachia mtoto. Aliniambia maneno haya, nayakumbuka yote: "Amelala vibaya usiku. Akipata joto, mbebe, shuka mtoni uniite. Usingoje. Umesikia?"

Nilisema nimesikia.

Jua lilikuwa halijafika katikati alipopata joto. Alianza kwa kukataa uji, kisha akalala mikononi mwangu, kichwa kikiwa kizito. Nilifungua kiganja chake nikaminya kama nilivyomwona daktari. Kilikuwa cheupe.

Nataka kuwa mkweli hapa. Sikusahau maneno ya mama. Nilisimama mlangoni na mtoto, njia ya mtoni ikiwa mbele yangu, hata niliona kitambaa cha kichwa cha mama kule chini kati ya mahindi. Ningepaza sauti angesikia. Lakini niliwaza kwamba mama ndiye kitanda, ndiye aliyewapoteza wale wawili, na mimi ndiye peke yangu niliyejua mahali Makokha alipopatikana. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Nikamvua nguo, kwa kuwa mara ya kwanza alikuwa uchi. Nikamlaza juu ya jaa, katikati ya aivi ya kijani iliyokuwa imetanda pale kama blanketi. Kisha nikajificha nyuma ya migomba, kwa sababu mwenyewe hapaswi kuonekana. Nikangoja mtu apite amwokote.

Alilia kidogo. Hakuna aliyepita. Ilikuwa siku ya kupalilia na watu wote walikuwa mashambani. Nilisikia majembe. Aliacha kulia, nikafurahi, nikadhani imeanza kufanya kazi. Kivuli cha mgomba kilikuwa miguuni pangu, kikahama, kikafika kwenye jaa. Mawingu yakaja kutoka upande wa msitu kama yanavyokuja kila siku kule kwetu, matone ya kwanza yakaanguka, nami bado nikangoja, kwa sababu nilijua nikitoka tu nitakuwa nimeharibu.

Aliyepita ni baba. Mvua ilikuwa imevunja kibarua. Aliweka baiskeli ukutani, akaja nyuma kutazama aivi yake kama alivyofanya kila akirudi, na akamwona.

Nilitoka mbio kumwambia asiseme ni wake, aseme ameokota. Nilisema hivyo kweli. "Baba, sema umeokota mtoto." Alikuwa ameshapiga magoti. Alimwinua, akamweka kifuani ndani ya shati. Mkono wa Makokha ulikuwa unatikisika peke yake.

"Umemlaza hapa tangu saa ngapi?"

"Tangu kivuli kikiwa pale."

Alitazama nilipoonyesha. Kisha alinitazama mimi, muda ambao naweza kuuchora mpaka leo.

"Mama yako anajua?"

"Hapana."

"Asijue," alisema. "Sikiza vizuri. Nilirudi mapema. Nilimkuta amelala. Nilikuambia usimwite. Mimi ndiye niliyekuambia."

Akaita mama kwa sauti kubwa. Walimfunga Makokha kwa leso kifuani mwa baba, baba akapanda baiskeli, mama akimfuata kwa miguu kwenye mvua. Hawakufika mjini. Walirudi jioni, baba akisukuma baiskeli, mama akiwa amembeba mgongoni kama mtoto aliyelala, na hakutaka mtu amfungue.

Alinigeukia mimi kwanza. "Nilikuambia uniite. Kwa nini hukuniita?"

"Nilimkataza," baba akasema kabla sijafungua mdomo. "Nilimkuta mtoto amelala. Nikaona usisumbuliwe."

Mama alimtazama kana kwamba mtu mgeni ameongea ndani ya nyumba yake. "Usisumbuliwe," alirudia.

Baada ya maziko alikwenda nyuma ya nyumba, akashika aivi kwa mikono miwili, akaibandua ukutani. Vile vijiguu havikutaka kuachia, vikang'oka na udongo wa ukuta, zikabaki alama mpaka ndani ya fito. Kukhu alisimama pale akirudia kwamba yeye alikwisha kusema. Mama akaenda jaani pia, akang'oa, akachoma kila kitu kwa mafuta ya taa. Baba alikuwa amekaa kwenye jiwe lake. Mama alipopita karibu naye alimwambia, kwa sauti ya chini tu, "Ulileta ugonjwa, ukaulinda kwa kisu chako, halafu ukamwacha mwanangu alale." Baba akasema, "Ndiyo."

Waliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo. Hawakuzaa tena. Mama alimpikia, alimfulia, alimwekea maji ya kuoga, na sikumsikia hata siku moja akimwita kwa jina. Akimtaka, alinituma mimi. Baba hakupanda tena kitu kisicholiwa. Nimezaa, nimelea, nimekimbia na watoto wangu hospitali wakiwa na viganja vyeupe, na nimejifunza saa mbili zina maana gani kwa mtoto mwenye homa ile. Sijui kama angepona. Najua tu kwamba mara ya kwanza alifikishwa upesi na akapona.

Baba alipokuwa anakaribia kufa nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu njiani. Nilikaa karibu naye mama akiwa jikoni, nikamwambia nataka kumweleza mama ukweli, hata leo, ili aje akae hapa kitandani kwake angalau mara moja kama mke.

Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo.

"Mwache," alisema. "Hasira hiyo kwangu ameshaizoea. Kwako itabidi aianze upya, na amezeeka."

Nikanyamaza. Ningependa kusema nilinyamaza kwa kumtii. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa, na yeye alinipa neno la kujifichia, kama alivyonipa utotoni.

Mama aliishi na mimi baada ya hapo. Mwishoni macho yalikuwa yameisha, nikawa namlisha kwa mkono. Alipenda kuongea habari za Makokha, ambazo kwa miaka yote hakuzigusa. Aliniambia kwamba katika nyumba ile yote hakuna mtu aliyemtunza mtoto yule vizuri kama mimi, kwamba nilikuwa mdogo lakini nilimbeba kama mama wa pili, na kwamba Mungu aliona. Alinishika kiganja akisema hivyo, akikipapasa kwa kidole gumba.

Nilimjibu, "Ndiyo, Mama." Kila mara alipolisema, nilimjibu hivyo.